Marehemu Papa Gaudensio Anaendelea na Kazi

Papa Gaudensio alifariki Jumanne ya wiki iliyofuata Pasaka, saa tatu asubuhi, akinywa supu ya dengu katika chumba kidogo cha Laterano kinachotazama zizi la nyumbu. Alikuwa amefika kijiko cha nne. Kijiko cha tano alikipeleka mdomoni kama kawaida, akaona hakina ladha, akamwambia Bruda Eufemio, karani wake, kwamba wapishi wamesahau tena chumvi. Bruda Eufemio akaonja. Chumvi ilikuwamo, tena imezidi.

Akaitwa kinyozi, maana kinyozi ndiye aliyekuwa pia tabibu wa nyumba. Aliweka nyoya la kuku chini ya pua ya Baba Mtakatifu, akangoja kwa muda wa Salamu Maria tatu, nyoya halikutikisika. Akamshika kifundo cha mkono. Akainamisha sikio kifuani, mahali ambapo kwa miaka sita palikuwa na mlio kama wa mlango mbovu, akakuta kimya.

"Baba Mtakatifu," alisema, "umefariki."

"Nami nikawalaumu wapishi," alisema Papa, akaweka kijiko chini.

Hakusikia uchungu wowote. Alisikia haya kidogo, kama mtu aliyesinzia mbele ya wageni. Asubuhi ile alikuwa na barua kumi na moja za kutia sahihi, na kwa kuwa mkono ulikuwa bado unamtii, alizitia sahihi zote huku kinyozi akikusanya vifaa vyake. Herufi zilitoka nzuri kuliko za jana yake. Kikohozi hakikumtikisa.

Kikohozi hicho ndicho kilichompa upapa, na yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Miaka sita nyuma makardinali walijifungia miezi kumi na moja bila kuelewana, nusu yao watu wa ukoo wa Malaspada na nusu watu wa ukoo wa Frangilupo, koo mbili zilizogawana Roma kama mbwa wawili wanavyogawana utumbo. Siku moja wakiwa mezani mtu alikohoa. Alikuwa padri wa makamo aliyeletwa kuwasomea Maandiko wakati wa chakula, Landolfo wa kijiji cha Vallefonda, na alikohoa kwa namna iliyowafanya Kardinali Malaspada na Kardinali Frangilupo wainue vichwa kwa pamoja. Wakatazamana, kila mmoja akipiga hesabu yake kimoyomoyo. Walimpa uhai mpaka mavuno ya zabibu. Mkate haujapoa, Landolfo alikuwa Papa.

"Wengine huchaguliwa na Roho Mtakatifu," alizoea kuwaambia wageni. "Mimi nilichaguliwa na pafu la kushoto."

Akawaangusha kwa kuishi miaka sita. Miaka hiyo hakuitumia vibaya sana, na vizuri pia hakuitumia. Alimtenga Kaisari wa Wajerumani na Kanisa mara mbili. Mara ya kwanza tarishi alipotea milimani, Kaisari asijue kwamba ametengwa, akaendelea kukomunika mpaka Krismasi. Papa aliikimbia Roma mara tatu. Safari moja aliikimbia ndani ya pipa la samaki wa chumvi, na paka wa mji mzima wakamsindikiza mpaka langoni kwa utiifu ambao makardinali hawakuwahi kumwonyesha. Kaisari naye, alipochoka kuandikiwa barua, alijitengenezea papa wake huko Ravenna, mtu mnene, mwenye siha njema, aitwaye Ubaldo. Mapapa wakawa wawili, na kila mmoja akamtenga mwenzake.

Ndiyo maana adhuhuri ya Jumanne ile makardinali hawakukimbilia kengele. Walikaa barazani, Papa wao ameketi mwisho wa meza, mikono mapajani.

"Tukitangaza msiba leo," alisema Kardinali Rainerio Malaspada, mtu mrefu, mpole wa sauti, "kesho kutwa Ubaldo yuko hapa na askari wa Kijerumani. Na sisi wenyewe hatujajua nani anafuata."

"Tutaelewana," alisema Kardinali Teobaldo Frangilupo.

"Lini?"

Frangilupo hakujibu, maana katika mambo madogo alikuwa mkweli.

Akaitwa mwanasheria wa Kanisa, mzee Bonfilio, naye akapekua vitabu vyake mpaka vumbi likamfanya apige chafya. Akasema kiti kinahesabiwa kuwa wazi tangu siku Papa anapozikwa. Kuhusu siku anapokufa, sheria haikusema neno. "Kwa hiyo," alisema, "wenzetu wana papa aliye hai lakini si halali. Sisi tuna wa halali, lakini hayuko hai. Kisheria sisi ndio tuliosimama vizuri."

Wakamgeukia mwenyewe.

"Baba Mtakatifu anaonaje?"

"Mimi nilidhani nimestaafu."

"Ni kwa muda mfupi tu," alisema Malaspada. "Mpaka tuelewane."

"Hivyo ndivyo mlivyoniambia na mara ya kwanza," alisema Papa. Lakini aliitikia. Katika maisha yake hakuwahi kukataa jambo aliloombwa na watu wawili kwa pamoja, na kufa hakukumbadilisha tabia.

Kazi ikaendelea. Bruda Eufemio alimtia ubani na majani ya mrihani katika mikunjo ya joho, na kila Ijumaa alimpaka nta ya nyuki mikononi. Papa hakulala, wala hakula, hivyo barua zilizorundikana tangu mwaka wa pili wa utawala wake zilikwisha kabla ya Juni. Mjini habari zilienea kwa siku moja. "Yule wetu kafa," wauza kabeji waliambiana, "lakini hajambo." Akipita kwenye maandamano walimpigia magoti kama zamani, ila waliokuwa na watoto wachanga waliwafunika kwa sababu ya baridi aliyokuja nayo. Majira yale ya kuchipua mbayuwayu mmoja alijenga kiota katika kofia ya joho lake, mgongoni, na kwa majuma matano Papa aliendesha ibada bila kuinama. Padri msimamizi wa ibada zake aliyapanga upya masomo ili makinda wasishtushwe.

Mwezi wa Julai alikuja balozi wa Kaisari, bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu. Akasimama katikati ya ukumbi na kusoma kutoka kwenye karatasi kwamba Gaudensio asipomvika Kaisari taji kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martino, Kaisari atakuja Roma kumuua kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwambie bwana wako nashukuru," alisema Papa, "lakini amechelewa."

Balozi aliandika. "Hakuna ujumbe mwingine?"

"Mwambie akija aje na blanketi. Kwangu kuna baridi."

Kaisari akaja kweli, na watu elfu nne, akapiga kambi kwenye vinamasi vya nje ya mji katika wiki ya pili ya Agosti. Homa ikawapunguza mpaka wakabaki wa kutosha kubeba machela, wakarudi kwao. Watu walisema huo ni muujiza wa marehemu Papa. Papa alisema hiyo ni Agosti. Hata hivyo muujiza uliandikwa, na yeye akatia sahihi.

Oktoba akaja dada yake.

Berarda alikuwa mkubwa wake kwa miaka minne, mjane, na alikuwa amepanda punda siku mbili kutoka Vallefonda na jibini mbili za maziwa ya kondoo kapuni. Walinzi walimpisha. Walishamjua tangu zamani, na walijua kwamba kumzuia kunachukua muda mrefu kuliko kumwacha apite. Aliingia, akamtazama mdogo wake kuanzia viatu vyekundu mpaka kichwani.

"Umekufa lini?"

"Jumanne baada ya Pasaka."

"Na leo ni Oktoba. Hukupata mtu wa kuniletea habari?"

"Mambo yalikuwa mengi, dada."

"Ndugu wa mtu anakufa, mtu anaambiwa na muuza chumvi njiani." Akakaa bila kukaribishwa. "Unakula?"

"Sili."

"Basi jibini atakula huyu bruda. Maana wewe ndiwe maiti, lakini yeye ndiye anayefanana nayo."

Bruda Eufemio akazipokea na kushukuru.

Kilichomleta Berarda kilikuwa kile kile cha miaka yote. Vallefonda ilikuwa na chemchemi moja, iliyotoka mwambani juu kidogo ya kanisa, baridi hata wakati wa kiangazi. Mwaka ule ule Landolfo alipofanywa Papa, ukoo wa Malaspada uliizungushia ukuta na lango la chuma, ukayaelekeza maji kwenye kinu chao na mabwawa yao ya samaki. Wanavallefonda wakabaki na mto ulio chini bondeni, ambao mkondo wake wa juu una viwanda vya ngozi vya miji miwili. Berarda alikuja Roma wiki ya kutawazwa, hakuomba cheo kwa ajili ya wanawe, hakuomba shamba. Aliomba hati moja yenye muhuri wa madini ya risasi, irudishe maji. Mdogo wake alimwahidi baada ya Pentekoste.

"Mwaka wa kwanza ulisema baada ya Pentekoste," alisema Berarda sasa, akihesabu kwa vidole. "Wa pili ukasema Kaisari yuko njiani. Wa tatu ulikuwa ndani ya pipa, nikakusamehe. Wa nne sikumbuki ulisema nini, ila ulikisema kwa Kilatini. Sikuja kukulaumu, Lando. Nimesikia umekufa, nikasema, Mungu ashukuriwe, sasa atatia sahihi."

"Jambo lenyewe halina wepesi. Malaspada wanashika daraja, wanashika malango mawili. Mtu akiwagusa…"

"Watakufanya nini? Watakuua?"

Papa akacheka, maana lilikuwa neno zuri, na alijuta kwamba hakulisema yeye. Kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameitafuta hofu yake ili amwonyeshe dada kwamba haipo tena, akaikuta pale pale ilipokaa siku zote, chini ya mbavu, upande wa kulia. Moyo ulikuwa umesimama tangu Aprili. Ini lilikuwa limekauka. Hofu ilikuwa nzima, ina joto, na kwa kweli ndicho kitu pekee chenye joto alichobaki nacho.

"Sikujua kwamba nayo hubaki," alisema.

"Nini?"

"Si kitu."

Berarda akanyoosha kitambaa chake gotini. "Gemma, mtoto wa binti yangu Lusia, amekufa," alisema. "Mwezi wa nane. Tumbo. Ni maji ya mto. Walikwenda watoto wanne mwezi ule, wengine hukuwabatiza wewe, kwa hiyo sitakusumbua na majina yao."

"Gemma nilimbatiza mimi."

"Ulimbatiza. Kwa maji ya chemchemi. Ukuta ulikuwa bado."

Papa alimkumbuka vizuri mtoto yule, kwa sababu alikuwa amemshika kidole na kukataa kukiachia, ikabidi asome sala ya mwisho kwa mkono mmoja. Alitaka kumwambia dada yake jambo hilo. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, taratibu, kwa heshima zote, kwamba atalishughulikia baada ya Pentekoste.

Berarda alimtazama kama mtu anavyotazama chungu akitafuta ufa ulipo, kisha akainuka, akaenda kumfungua punda wake.

Majira ya baridi yakapita, na kwa maiti hayo ndiyo majira mazuri. Makardinali walikutana kila Alhamisi kuchagua mrithi, na kila Alhamisi kura ziligawanyika tisa kwa tisa. Papa alikuwa na muda wa kufikiri na hakuutumia, kama alivyozoea.

Kwaresima ya mwaka wa pili, Kardinali Malaspada aliingia ofisini mwa Papa mchana, peke yake, ameshika ngozi iliyoandikwa vizuri.

"Kajambo kadogo, Baba Mtakatifu. Ni mambo ya nyumbani tu. Ukoo ungependa chemchemi ya Vallefonda ithibitishwe kuwa mali yake daima, wasije watu wakaleta maneno baadaye. Nimeshaandika yote, sahihi tu ndiyo iliyobaki."

Alisema kwa upole, akamsogezea wino. Papa akachukua kalamu. Huo ndio ukweli wake, na miaka iliyofuata hakuwahi kuusimulia tofauti: aliichukua, akaichovya, na mkono ukaanza kwenda kwa mazoea yake ya barua mia mbili na arobaini. Uliandika G, ukaandika A, ukaandika U. Kisha akaona kidole alichokuwa amekishika Gemma.

Akaiweka kalamu chini.

"Baba Mtakatifu haumwi?" aliuliza Malaspada.

"Mwadhama, mimi nimekufa. Lakini leo mkono ni mzito. Niachie."

Kardinali alipotoka, Papa akamwita Bruda Eufemio na kumwambia alete ngozi mpya na risasi ya muhuri. Akamsomea maneno ya kuandika, kwa Kilatini kifupi kisicho na mapambo: kwamba chemchemi ya Vallefonda ni ya watu wa Vallefonda na wanyama wao, kwamba ukuta uvunjwe, na kwamba atakayepinga atengwe na Kanisa, hata awe nani.

Bruda Eufemio aliandika mpaka katikati, akasita. "Baba Mtakatifu una hakika?"

"Sina. Andika upesi kabla sijauliza mtu."

Hata hivyo aliificha hati ile kifuani miezi mitatu, chini ya mrihani. Pentekoste ikaja, ikapita. Akajitukana kwa maneno ya Vallefonda ambayo Papa hatakiwi kuyajua. Siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mwisho wa Misa, kanisa la Laterano likiwa limejaa hadi nje, alisimama kutoa baraka, akaitoa hati, akaisoma. Kwa kuwa hakuwa na pumzi, hakuishiwa pumzi. Sauti ilifika mpaka kwa wauza mishumaa uani. Watu wakasema amina, kama walivyosema amina kwa yote mengine, wakaenda kula konokono, maana ndicho chakula cha sikukuu ile.

Papa akarudi chumbani kwake, akakaa, akangoja apigwe na radi au na Malaspada. Hofu ilikuwa bado ipo chini ya mbavu, lakini imekaa kimya, kama mgeni aliyegundua kwamba mwenye nyumba amerudi.

Kesho yake asubuhi baraza likakutana. Kardinali Malaspada hakukasirika. Alisimama na kuuliza swali moja tu, kwa sauti yake ya upole: je, maiti anaweza kutoa mali?

Mzee Bonfilio akapekua, akapiga chafya. "Hawezi," alisema. "Maiti hurithiwa, harithishi. Sheria ya Roma iko wazi."

"Na hati nyingine alizotia sahihi tangu afe?" aliuliza mtu mmoja. "Na ule muujiza wa Agosti?"

"Hizo hakuna aliyezipinga."

Papa alimtazama Kardinali Frangilupo. Tangu jana hilo ndilo lililokuwa tumaini lake, na alikuwa amelihesabu vizuri: kwa miaka thelathini Teobaldo Frangilupo hakuwahi kukubaliana na Malaspada hata juu ya tarehe ya mwezi. Alichosahau kuhesabu ni kwamba Frangilupo nao walikuwa na chemchemi tatu, kivuko kimoja, na msitu mzima waliowanyang'anya watu wa kijiji cha Ripalta.

"Mwadhama Malaspada amesema kweli," alisema Frangilupo.

Hata Malaspada aligeuka kumtazama.

"Leo ni maji ya huyu," Frangilupo akaendelea. "Kesho itakuwa nini? Nadhani tumemchosha Baba Mtakatifu. Tumzike."

Mara baada ya chakula cha mchana walimchagua Papa mpya, kura kumi na nane kati ya kumi na nane, mtu mzee wa miguu mibovu aliyeitwa Onorato, asiye wa ukoo huu wala ule. Malaspada na Frangilupo wakakumbatiana mbele ya watu, kengele zikapigwa, na ugomvi uliokuwa umeua watu wa Roma tangu enzi za babu zao ukakoma siku ile. Papa Gaudensio aliutafuta upatanisho huo kwa miaka sita ya uhai na mmoja wa mauti. Alifunga, alisali, alitembea pekupeku. Wanahistoria wa nyumba zote mbili walimwandika kuwa Mpatanishi.

"Kumbe ilikuwa rahisi," alimwambia Bruda Eufemio. "Ilinipasa tu niwatishe wote kwa jambo moja la haki."

Mazishi yalikuwa mazuri. Alilala kimya siku nzima, akasikiliza mahubiri juu ya maisha yake, asimtambue mtu anayesifiwa. Mhubiri alipokosea mwaka wa kutawazwa kwake alimsahihisha kwa sauti ya chini, mhubiri akashukuru na kuendelea. Wakamshusha. Siku tisa za maombolezo zikapita, na kaburini hakupata usingizi. Siku ya kumi, wakati mafundi bado wanachonga jina kwenye jiwe la kufunikia, alitoka.

Mtumishi wa sakristia alikuwa akisugua vinara.

"Baba Mtakatifu unakwenda wapi?"

"Kwetu."

"Chukua kofia basi. Jua la leo si la mchezo."

Akachukua kofia ya majani iliyokuwa msumarini, akaifuata barabara ya kusini. Hati ilikuwa bado kifuani mwake. Hakuna aliyeona haja ya kumnyang'anya. Alitembea bila kupumzika na siku ya pili saa nne asubuhi alifika Vallefonda. Berarda alikuwa kibarazani anamenya maharage.

"Umeleta nini?" aliuliza.

"Hati."

"Ya maji?"

"Ya maji."

"Ina nguvu?"

"Haina."

Berarda akaipokea, akaigeuza huku na huku, akaitazama ile sahihi. Hakujua kusoma, lakini aliitazama muda mrefu. "Ulitia sahihi, hata hivyo," alisema.

"Nilitia."

"Umechelewa, Lando."

"Najua, dada."

Aliikunja, akaiweka sandukuni pamoja na nguo za Gemma. Risasi ya muhuri aliikata kwa kisu, akaishonea kwenye pindo la pazia la mlangoni, maana upepo wa bonde ulikuwa unalisumbua. Kisha akaingia ndani na kutoka na mti wa mzega na ndoo mbili.

Ng'ambo ya kilima cha Monte Cupo kulikuwa na chemchemi nyingine isiyo ya mtu, maji safi. Kila mtu aliijua na hakuna aliyeitumia, kwa sababu ni mwendo wa muda wa saa nne kwenda na kurudi, kwa njia ya mawe. Aliye hai akienda mara moja, siku yake imekwisha, na shamba lake limekaa bila mtu. Papa Gaudensio alikwenda mara tano kati ya alfajiri na alfajiri, maana hakuchoka wala hakulala. Ndoo kumi kwa kaya arobaini. Haikutosha kufua wala kunyweshea mifugo. Ilitosha kunywa, kwa mwenye mahesabu.

Mwaka ule hakuna mtoto aliyekufa kwa tumbo. Mwaka uliofuata alikufa mmoja, wa mhunzi, aliyekunywa mtoni kwa sababu alikuwa na kiu na zamu ya nyumba yao ilikuwa jioni.

Watu walimzoea upesi. Walipanga foleni uani kwa Berarda na vyungu vyao, wakamwamkia "Shikamoo Baba Mtakatifu," kisha wakaendelea na malalamiko.

"Haya ya leo yana vuguvugu."

"Nitajaribu kuharakisha, mama."

"Na jana ulimwaga. Njia nzima imelowa."

"Ni goti hili. Limeanza kulegea."

"Mwenzako Papa Onorato ana miguu mibovu, lakini mbona yeye hubebwa?" alisema mjane wa mchungaji wa kondoo, na foleni nzima ikacheka, na Papa akacheka nayo, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

Papa Onorato mwenyewe alipita huko mwaka wa tatu, kwenye machela, amealikwa na ukoo wa Malaspada kubariki mabwawa ya samaki. Alikutana na mtangulizi wake njiani. Wapagazi wakasimama, nao wakasalimiana kwa adabu, Papa na Papa.

"Mzigo mzito?" aliuliza Onorato.

"Mzigo si mzito. Umbali ndio tatizo. Chemchemi iko pale," alisema Gaudensio, akionyesha ukuta kwa kidevu, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

"Ndiyo, nimeiona. Maji mazuri sana." Onorato aliinamisha macho. "Nitaliangalia jambo hilo. Ngoja Pentekoste ipite."

"Bila shaka," alisema Gaudensio. Hakumwonea hasira. Aliiona ile hofu kwa mwenzake, chini ya mbavu, upande wa kulia, akaijua.

Njia ya kutoka Monte Cupo hupita mbele kabisa ya lango la Malaspada. Nyuma ya ukuta maji husikika yakianguka kwenye jiwe, mchana na usiku, na kiangazi hewa ya mahali pale huwa na ubaridi kwa hatua kumi hivi. Langoni huwapo askari mmoja, kijana wa kuajiriwa kutoka mbali, amevaa kofia ya chuma juani. Siku moja ya mwezi wa nane, Papa akipita na safari yake ya tatu, askari aliegemeza mkuki ukutani.

"Baba Mtakatifu, nionee huruma, nipe kata moja. Sisi haya ya humu ndani haturuhusiwi kuyagusa."

Papa akainama taratibu, kwa ajili ya goti, akatua mzega. Akamchotea. Kijana akanywa yote bila kuvuta pumzi, akafuta mdomo kwa mkono, akarudisha kata.

"Yana vuguvugu kidogo," alisema.

"Wameshaniambia," alisema Papa, akajitwisha mzega, akaendelea kuteremka kijijini, kwa kuwa foleni ilikuwa imeshaanza na Berarda hakupenda watu wangojeshwe.